Jino Halikupigiliwa Msumari

Haya ni maneno juu ya meno na fizi niliyosema mimi, daktari wa meno, Jumamosi alasiri mbele ya wazee, wazazi na vijana wa mtaa wetu hapa Tanga. Walioshindwa kufika wameomba niyaandike yote. Nimeyaacha yalivyotoka kinywani, ila picha zilizokuwa ukutani hazimo.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, hamjambo? Na ninyi watoto mliojaza mkeka wote wa mbele, hamjambo? Asanteni. Nawashukuru kwa kuja na jua hili.

Nianze na swali. Nani kati yetu hajawahi kutafuna jiwe kwenye wali? Anyooshe mkono.

Naona hakuna. Mama yangu pale nyuma anatikisa kichwa, yanamjia. Basi turudi kwenye sahani ile. Wali wa nazi, umepikwa ukapikika, mchuzi wa changu uko pembeni. Unatafuna huku unazungumza. Mara, kach! Taya linasimama palepale. Halikungoja amri yako. Kabla hujajua kimetokea nini, kinywa kimekwisha kuachama na ulimi umeanza kuisaka ile punje.

Niambieni, punje ile ilikuwa na ukubwa gani? Pengine hata ukiiweka kiganjani huioni vizuri. Nani basi aliyekuambia kwamba ipo? Jino? Ganda la nje la jino ni gumu kuliko mfupa wowote mwilini, lakini halina mshipa wa fahamu hata mmoja. Ulimi? Ulimi ulikuwa shavu la pili, unageuza tonge. Nani basi?

Aliyekuambia yuko chini ya ufizi. Hamumwoni, hamumsikii akitajwa, hata redioni wakizungumzia meno wanamruka wanakwenda kwenye matundu na kung'oa. Mimi leo nimekuja kwa ajili yake.

Wengi wetu tunadhani jino limepigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye mbao. Hatuko peke yetu. Jina ambalo madaktari wa Ulaya walikipa kiungo hiki cha jino na taya lilitoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya msumari. Lakini jino halikupigiliwa, ndugu zangu. Jino limefungwa kwa kamba.

Kila mzizi wa jino unakaa kwenye shimo lake ndani ya mfupa wa taya. Ungedhani mzizi unagusana na mfupa. Haugusani. Kati yao kuna nafasi nyembamba kama karatasi mbili za daftari zilizolaliana, robo ya milimita haifiki. Nafasi hiyo imejaa nyuzi, nyingi mno. Upande mmoja zimezama kwenye mzizi, upande wa pili zimezama kwenye mfupa, na miisho yake iliyozama imeitwa kwa jina la Mskoti mmoja, William Sharpey, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya mwili karne ya 19. Jino lako linaning'inia. Kila jino kinywani mwako, magego yale unayovunjia mfupa wa mbuzi, yote yananing'inia kwenye kamba.

Wazee mnakijua kitanda cha kamba. Vijana, nyie mmezaliwa mkakuta godoro, lakini nendeni kwa bibi mkatazame. Kuna mifumbati miwili, matendegu manne, na kamba za usumba zimesukwa kutoka mbao hadi mbao. Ukilala juu yake, uzito wako unakwenda wapi? Unashuka, sivyo? Lakini mbao haisikii kubonyezwa. Mbao inasikia kuvutwa, ya huku na ya kule, kwa sababu kamba imeugeuza mshuko wako kuwa mvuto. Hivyo hivyo ndani ya taya. Nyuzi nyingi zimekaa mshazari, zinatoka juu kwenye mfupa zikishuka kwenye mzizi, hivyo ukiuma muhogo wa kuchoma jino linazama kidogo sana, kamba zinakaza, na mfupa unavutwa. Na mfupa una tabia yake: ukibanwa muda mrefu huliwa ukapungua, ukivutwa hujengeka. Aliyetuumba hakukosea kutumia kamba.

Katikati ya kamba hizo imepita mishipa ya damu, na imepita mishipa ya fahamu. Hao ndio waliokuambia kuna punje kwenye wali. Mtu aliyewekewa jino la bandia la skrubu ya titani atawaambia: anatafuna vizuri, lakini punje ndogo zinampita, maana skrubu ile imeshikana na mfupa moja kwa moja, hakuna kamba.

Na jambo la mwisho juu ya kamba hizi, mlishike maana tutalirudia: hazikai zilivyo. Mwili unazifumua na kuzisuka upya kila siku, kwa kasi kubwa kuliko ngozi, kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili yenye nyuzi. Usiku umelala, fundi yuko kazini. Mchana unakula, fundi yuko kazini.

Je, fundi huyo akikosa malighafi?

Hapo nitawapeleka Tongoni. Nani amefika Tongoni? Naam, wengi. Mnayajua magofu ya msikiti, na makaburi yale yenye nguzo. Sasa tazameni baharini kutoka pale. Aprili 1498 jahazi la Kireno liitwalo São Rafael, moja ya yale matatu ya Vasco da Gama, lilikwama kwenye mafungu ya mchanga upande huu wa pwani yetu. Nyuma ya pwani waliona milima, hii milima yetu ya Usambara, wakaipa jina la jahazi lao. Walipokuwa wamekwama, mitumbwi miwili ikawaendea. Mmoja ulijaa nini? Machungwa. Aliyekuwa anaandika habari za safari ile aliona vyema aandike kwamba machungwa yale yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Wazee wetu waliwapelekea wageni machungwa!

Kwa nini machungwa yalimgusa mwandishi yule? Nadhani kwa sababu ya aliyoyaona miezi mitatu nyuma. Januari mwaka huohuo, kwenye mdomo wa mto mmoja wa Msumbiji, mabaharia wengi walikuwa wameugua. Miguu ikavimba, mikono ikavimba, na fizi zikaota zikayafunika meno hata hawakuweza kula. Wazee wetu wana jina la ugonjwa ule: kiseyeye.

Wakafika India, wakageuza. Safari ya kurudi pwani ya kwetu iliwachukua karibu miezi mitatu, pepo ziliwakataa, hakuna tunda wala jani. Kiseyeye kikarudi, fizi zikafunika meno tena. Njiani walikufa watu 30 hivi. Kila jahazi likabaki na watu saba au wanane wenye nguvu ya kushika kamba. Tarehe 7 Januari 1499 wakatia nanga Malindi, na mojawapo ya mambo ya kwanza walilotuma mtu pwani akalitafute lilikuwa machungwa, wagonjwa walikuwa wanayalilia. Siku chache baadaye wakafika kwenye mafungu yaleyale ya upande wetu, wakalichoma moto São Rafael. Wakalichoma wenyewe. Watu waliobaki hawakutosha kuendesha majahazi matatu.

Nimesimama ufukweni Tongoni mara nyingi nikiwaza moto ule. Jahazi zima limeungua mbele ya mji wetu, na ukiuliza sababu, utafika kwenye nyuzi nyembamba kama karatasi mbili.

Ngojeni niwaeleze zilivyokatika. Kamba za meno zimesukwa kwa protini iitwayo kolajeni. Ili mwili uisuke kolajeni ikaze, lazima upate vitamini C. Mbuzi anajitengenezea vitamini C mwenyewe ndani ya ini. Ng'ombe naye, mbwa naye. Binadamu hawezi, lazima aile. Akiikosa kwa miezi, kamba kuukuu zinafumuliwa kama kawaida, mpya hazisukwi. Na kwa kuwa kamba za meno ndizo zinazobadilishwa haraka, kinywa hakikawii kusema. Fizi zinavimba, zinatoka damu, jino linacheza, linatoka. Hata makovu ya zamani hufunguka. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawiliwawili akawapa tiba tofauti, wengine siki, wengine maji ya bahari. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu ndani ya siku sita hivi, wakiwa mbele ya wenzao wote. Ilikuwa miaka karibu 250 baada ya ile mitumbwi ya kwetu.

Sasa tulieni hapa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Mtu anasikia habari ya machungwa, fizi zake zinatoka damu, anasema: nina upungufu wa vitamini C. Anakwenda kununua machungwa ya Muheza, mfuko mzima. Anakula wiki nzima. Damu haikomi. Anaongeza vidonge. Damu haikomi. Jamani, kuleni machungwa, kuleni mapera, ambayo yana vitamini hiyo kuliko hata chungwa, kuleni maembe na mchicha usioivishwa kupita kiasi. Lakini mtu wa Tanga anayekula matunda haya hana kiseyeye cha Vasco da Gama. Damu yake ina sababu nyingine. Na sababu hiyo inawang'oa watu wazima wa hapa kwetu meno mengi, bila tundu na bila maumivu.

Mzee mmoja, nahodha tangu ujana wake, aliingia chumbani kwangu na kitambaa kilichofungwa fundo. Akaketi, akafungua fundo, ndani mna gego. Akaliweka mezani mbele yangu. Akasema, "Daktari mwanangu, litazame. Lina tundu?"

Nikaligeuza huku na huku. Halikuwa na tundu. Nikamwambia, "Halina, mzee wangu."

"Limetoka jana nikila muhogo. Halikuuma hata kidogo. Jino zima linatokaje?"

Nikageuza mzizi nikamwonyesha. Mzizi wote, karibu mpaka nchani, ulikuwa umefunikwa ukoga mgumu, wa kahawia, umeganda kama jiwe. Nikamuuliza, "Mzee, hiki ungekikuta kwenye mkuku wa jahazi lako ungekiitaje?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Chaza."

Mzee yule alinifundisha namna ya kulieleza jambo hili, na tangu siku hiyo sijatumia njia nyingine. Jahazi likikaa majini, kwanza linashika utando. Utando laini, unateleza, ukipitisha kitambaa unatoka. Ukiuacha, yanajishika mengine juu yake, mwisho ni chaza, na chaza hautoki kwa kitambaa. Kinywani ni hivyo. Saa chache baada ya kupiga mswaki, utando umeanza kurudi, nao ni mji wa bakteria. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliukwangua kutoka kwenye meno yake mwenyewe mwaka 1683, akauweka chini ya kioo cha kukuzia, akaona wadudu wadogo wakicheza humo kwa wingi uliomshangaza. Utando ukikaa siku kadhaa, chumvichumvi za mate zinaugandisha, unakuwa ukoga. Mswaki hauwezi tena.

Utando ukikaa kwenye ukingo wa ufizi, mwili unapeleka askari. Damu inajaa pale, ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, ukiugusa tu unavuja. Hiyo ndiyo damu unayoiona kwenye mate asubuhi.

Mnataka ushahidi? Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, waliandika walichokifanya kwa watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno. Waliwaambia waache kusafisha meno kabisa. Wote 12, bila hata mmoja kusalimika, fizi zao zikaugua. Waliowahi walichukua siku 10, waliochelewa siku 21. Kisha wakarudishiwa mswaki. Ndani ya wiki moja hivi fizi zikapona. Hakupewa mtu kidonge wala sindano.

Kwa hiyo damu ya fizi inapoanza inarudi nyuma. Mnasikia? Inapoanza, inarudi nyuma. Lakini sisi tunafanya nini? Mama mmoja anayeuza chakula karibu na stendi aliniambia: "Daktari, niliona damu kwenye mswaki nikasema naumiza fizi, nikaacha kusugua pale." Akaacha pale, utando ukapata makazi. Damu ikazidi, akaacha na upande wa pili. Mwishowe alikuwa anasugua meno sita tu ya mbele, yale ya kuchekea wateja, na hayo ndiyo yaliyobaki imara. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa anajihurumia, na huruma ile ikamgharimu magego manne. Ufizi ukitoka damu, ndipo mahali pa kusafisha zaidi. Taratibu, kwa mswaki laini, lakini zaidi.

Tusipousikiliza ufizi, ugonjwa unashuka. Ufizi mzima umelishika jino kama kola ya kanzu, ukipima kwa kijiti chetu chenye alama unashuka milimita moja, mbili, tatu basi. Ukiugua, unaachana na jino, panakuwa na mfuko, milimita tano, saba. Ndani ya mfuko utando unashuka mahali ambapo mswaki haufiki. Na hapo linatokea jambo la kusikitisha: kamba zinakatika, na mfupa unaozishika unaliwa, kwa kiasi kikubwa na vita vya askari wetu wenyewe waliokuja kupigana na bakteria. Kitanda kimekatika kamba na mfumbati umeoza. Nani atalala? Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu bilioni moja duniani wenye ugonjwa huu katika hatua yake kali. Na mfupa ukishakwenda, haurudi wenyewe.

Kwa nini mtu hajui? Kwa sababu hauumi. Tundu la jino litakuamsha usiku wa manane. Ugonjwa huu utakaa nawe miaka 20 kimya. Dalili zake ni ndogo: damu, harufu ya kinywa isiyokwisha, meno yanayoonekana kurefuka, mianya mipya mbele, chakula kinachokwama mahali ambapo zamani hakikwami.

Nahodha wangu hakuwahi kuona hata damu. Nilimuuliza akaniapia. Nikamuuliza, unavuta? Akasema tangu ana miaka 15. Basi nikajua. Tumbaku inaibana mishipa midogo ya damu ya ufizi, ufizi unapauka, hautoki damu, na huku chini mfupa unakwisha haraka kuliko wa asiyevuta. Tumbaku inazima king'ora na inamfungulia mwizi mlango. Baba zangu mnaovuta, msifurahie fizi kavu.

Wenye kisukari, nanyi nawaomba mnisikilize kwa sikio la ndani. Sukari ikipanda damuni, fizi zinaugua upesi na kupona polepole, na fizi zikiwa na usaha, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Vinavutana. Ukienda kliniki ya kisukari, mwambie daktari atazame na fizi. Na wajawazito: vichocheo vya mimba vinazifanya fizi zivimbe kwa utando uleule ambao zamani haukukusumbua. Tumerithi maneno kwamba kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Mtoto hachukui chokaa kwenye meno ya mama. Fizi za mama zilihitaji kutunzwa miezi ile tisa, hakuna aliyemwambia.

Kuna neno moja nalisikia kila wiki na linaniumiza: "Usiende kusafishwa meno, wakikukwangua yatalegea." Hili mwulizeni nahodha. Jahazi likipandishwa ufukweni maji yakipwa, likakwanguliwa chaza, kisha likaonekana linavuja, chaza ndio walioizuia bahari? Mdudu alikwisha kula mbao zamani, chaza walikuwa wameganda kwenye tundu tu. Ukoga nao unayagandisha meno yaliyokwisha kulegea, yanashikana kama yaliyomwagiwa saruji. Ukiondolewa, unauona ulegevu uliokuwepo. Nahodha alinijibu vizuri kuliko nilivyomuuliza: "Asiyekwangua jahazi lake ameliuza kwa bahari." Tulimsafisha kwa awamu nne, akaacha tumbaku, na meno 22 aliyokuwa nayo siku ile anayo mpaka leo.

Wazazi, sasa nataka niseme nanyi juu ya watoto, kwa mambo mawili.

La kwanza. Mvulana wa miaka 11 aliruka kupiga kichwa mpira, akagongana na mwenzake, jino la mbele la ukubwani likatoka zima na mzizi wake. Bibi yake, kwa mapenzi yote, alilichukua jino akaliosha kwa sabuni, akausugua mzizi mpaka ukawa mweupe pe. Akalifunga kwenye karatasi. Walifika kwangu baada ya saa tatu. Nililirudisha, nikalifunga, likashika. Lakini bibi alikuwa amesugua nini kwenye mzizi ule? Kamba. Zile nyuzi za jino zilibaki kwenye mzizi zikiwa hai, na zingeweza kushika tena. Sasa mzizi ukagusana na mfupa bila kamba katikati, na mfupa ukaanza kuula, mwaka hadi mwaka. Mnaona kazi nyingine ya kamba zile? Zinauzuia mfupa usile jino.

Basi shikeni. Jino la ukubwani likitoka zima, lishike sehemu ile inayoonekana kinywani, mzizi usiuguse. Likiwa na mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, sekunde chache, usisugue. Lirudishe kwenye shimo lake hapohapo, mtoto aume kitambaa safi, mje. Mkishindwa kulirudisha, litieni kwenye maziwa freshi. Siyo maji, siyo karatasi. Maziwa! Na mje mbio, kila dakika ina thamani, baada ya saa moja juani nyuzi zimekufa. Jino la utotoni peke yake ndilo lisirudishwe, litaliumiza lile linaloota chini yake. Watoto, semeni na mimi: jino likitoka linakwenda wapi? "Kwenye maziwaaa!" Tena! "Kwenye maziwaaa!" Ahsanteni. Nyie ndio mtakaokuwepo uwanjani, sisi hatutakuwepo.

La pili ni zito, na nalisema kwa adabu, maana najua hapa wapo waliolipitia. Meno ya plastiki.

Mtoto ana miezi mitano, sita. Anaharisha, ana homa, hanyonyi. Jirani anamfunua kinywa, anaona fizi zimetuna na kupauka mahali ambapo chonge litaota. Anasema, ni meno ya plastiki, mpelekeni yakatolewe. Imani hii ilienea sana nchini miaka ya 1980, na haijaisha. Mtoto anashikwa, ufizi unachanwa kwa waya, kwa spoku ya baiskeli, kwa kisu, na mama anaonyeshwa kitu cheupe laini. Anaambiwa, umeona? Ndicho kilichokuwa kinamuua.

Mama zangu, mimi nimekiona kitu kile cheupe. Ni chonge la mtoto. Ni jino halali ambalo bado halijakauka, limelala kitandani mwake ndani ya taya likingoja zamu yake, kwa kuwa chonge la utotoni linaota mtoto anapokaribia mwaka mmoja na nusu. Kila mtoto, wa kwako na wa kwangu, ufizi wake umetuna pale. Ukimchana mtoto yeyote mzima utakitoa kitu hicho hicho cheupe. Na homa? Homa ilikuwa malaria, au mapafu, au uji na maji ambayo mtoto ameanza kupewa umri huohuo wa kutambaa na kuokota kila kitu. Inaendelea kumtafuna wakati sisi tunachana fizi. Nimepokea mtoto aliyevuja damu mpaka akawa mweupe. Wapo wanaopata pepopunda. Wapo wasiofika. Na wanaopona, nawaona baadaye shuleni, chonge la utotoni halipo, na mara nyingine hata la ukubwani linaota limepinda, maana kifaa kilichimba mpaka kwake.

Simlaumu mama yeyote aliyempeleka mwanawe. Alimpeleka kwa sababu alimpenda na alikuwa na hofu. Ninachowaomba bibi na mama wakwe, maana ninyi ndio mnaosikilizwa nyumbani: mtoto akiharisha, neno la kwanza litoke kwenu, na liwe zahanati. Mpeni maji ya chumvi na sukari, ziwa asinyimwe, na asichanwe.

Jua linashuka, nimalize kwa mikono. Hapa nina taya la plasta na miswaki miwili, wa dukani na wa mti, maana bibi mmoja ameniletea wa kwake na nimeutazama, ni mzuri, umetafunwa vizuri ukatoa nyuzi laini. Kosa letu ni moja tu: tunasugua uso wa jino, tunaupita ufizi. Tazameni. Mswaki haukai wima. Unaulaza, nyuzi zinaelekea ufizi mshazari, nusu juu ya jino, nusu juu ya ufizi. Mwendo mdogo wa kutetema, hapo hapo, hesabu mpaka kumi, kisha meno mawili yanayofuata. Nje yote, kisha ndani, upande wa ulimi, ambako wengi hatufiki. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya harage kwa mkubwa. Katikati ya jino na jino pitisha uzi, au kijiti laini taratibu. Ukoga uliokwisha kuganda tuachieni sisi.

Kioo kipo pale kwenye meza ya kijani, na wenzangu wawili wamevaa glavu. Kila mtu aje aonyeshwe ukingo wa ufizi wake mwenyewe kabla ya kwenda nyumbani. Bibi mwenye mswaki wa mti, karibu wewe kwanza. Vijana, msaidieni bibi kiti.